Bendera Nyekundu, Bendera Nyeupe

Mzee aliusalimia mpunga wa upande mmoja tu. Akifika penye bendera nyeupe, alisimama: "Hamjambo, wanangu!" Penye bendera nyekundu alikaza shingo, akapita kama hamna kitu.

Mkewe, nyuma yake, alifanya kinyume.

Yalianza siku mtafiti alipokuja kupanda mpunga kwenye kipande cha shamba lao na kuchomeka bendera hizo. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye matope hadi magotini. Aliwaeleza habari za mpunga uliobadilishwa vinasaba: mabua mafupi, magumu, yasiyolazwa na upepo.

"Ndani ya banda la kioo unafanya maajabu," alisema. "Shambani ndiko hatujui. Kwa hiyo msimu huu nataka kwanza..."

Hawakumwacha amalize.

"Wa maabara ni huo wa nyekundu, na ni wangu!" mke alidakia.

"Chukua! Mimi nabaki na mpunga wa baba yangu."

Wakapeana mikono: atakayeshinda ndiye atakayechagua mbegu ya shamba zima mwakani.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na vyama viwili.

"Ona wangu ulivyo kijani," mke alitamba.

"Kijani cha dawa hicho."

Siku upepo ulipovuma kama umetumwa, walikimbilia shambani wote wawili, mume na kiatu kimoja. Kila mmoja aliapa kwamba wa mwenzake ndio uliolala zaidi. Mtafiti alitazama huku na huku, akauma midomo asicheke.

Mavuno yakafika. Mizani haikuwa na upendeleo: upande wa nyekundu uliuacha ule wa nyeupe mbali kabisa. Mke alicheza palepale, juu ya mabua yaliyokatwa, hadi kilemba kikamfunguka.

Mume alikuwa mbishi, lakini hakuwa mtu wa kuvunja ahadi yake. Akamfuata, akamwokotea kilemba.

"Mke wangu, umenibwaga. Mwakani shamba zima tunapanda mbegu ya maabara, ile ile iliyotoa mavuno haya."

Mtafiti aliinua uso kutoka kwenye mizani.

"Ya maabara? Hiyo bado haijatoka huko. Msimu huu nilikuwa napima udongo tu. Pande zote mbili nilipanda mbegu ya mzee."