Majibu ya Baba Watoto

Swali la kwanza lilikuwa halijafika mwisho, na jibu lilikuwa limeshatoka. Halikutoka kwa mzee.

"Leo Alhamisi," alisema mkewe. "Hata mtoto wa chekechea anajua. Muulize kitu cha maana, mwanangu."

Mwanasaikolojia, mwanamke kijana ambaye miwani ilikuwa ikimteleza puani kila mara, alitabasamu na kuandika kitu. Kwa kawaida msindikizaji husubiri nje, kwenye viti vya plastiki. Huyu alikuwa amewekewa kiti mezani, bega kwa bega na mumewe, naye alikikalia kama mwenye nyumba.

Mzee aliangalia viatu vyake. Tangu waoane, akiulizwa habari za nyumbani, mkewe hujibu. Akiulizwa anaumwa wapi, mkewe huonyesha. Majirani walikuwa na utani wao, kwamba mzee yule mdomo wake ni wa kulia chakula tu.

"Baba, nitakutajia vitu vitano," alisema mwanasaikolojia. "Uvishike, maana nitakuuliza baadaye. Shati, ndoo, treni, kitunguu, dirisha."

"Avishike!" Mkewe aliangua kicheko. "Huyu hata funguo hazishiki. Juzi nimezikuta ndani ya friji. Na sufuria ya maharage je? Kaiacha jikoni ikaungua, moshi mpaka barabarani, majirani wakaja mbio na ndoo za maji. Namuuliza, baba watoto, ulikuwa wapi? Ananitolea macho tu."

"Nilisahau," alisema mzee.

"Umemsikia? Anakiri mwenyewe."

Kilichowaleta pale ni mjukuu. Likizo ya uzazi ya binti yao ilikuwa ukingoni, na alitaka kumwacha mtoto kwa wazazi wake akienda kazini. Kitanda kidogo kilikuwa tayari chumbani. Bibi alikuwa ameshafuma kofia za kuwatosha watoto wa mtaa mzima. Lakini habari za sufuria zilimfikia binti, naye akasema mtoto haletwi mpaka wataalamu waseme neno. Mzee hakubisha. Tena ni yeye aliyepiga simu kuomba nafasi, jambo lililomshangaza mkewe, maana mumewe ni mtu wa kumkimbia hata daktari wa meno.

"Akikutwa na tatizo," mkewe alitangaza, "mtoto haachwi naye peke yake, hata nikienda uani kuanika nguo. Lakini hakuna kitakachoharibika. Mimi si nipo?"

Mwanasaikolojia alisogeza karatasi nyeupe na penseli. "Baba, nichoree saa ya ukutani. Mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Mzee aliishika penseli, akaiweka chini, akaishika tena. Mkewe hana simile kwa mambo kama hayo. Aliivuta karatasi, akachora duara safi kabisa, akaanza kupanga namba. Katikati akasita.

"Hizo nyingine amalizie mwenyewe, na mishale yake," alisema, akiisukuma karatasi. "Nikimfanyia yote, mtapima nini?"

Mwanasaikolojia hakumkemea. Aliichukua saa ile kama ilivyo, akaihifadhi.

"Unajisikiaje, baba?"

"Naogopa, daktari."

Aliogopa kweli.

Mkewe aliacha kucheka. Akamshika goti. "Usiogope, baba watoto. Hata ukilisahau jina lako, nitakukumbusha mimi."

Mzee aliufunika mkono ule kwa mkono wake.

Ili kuchangamsha chumba, mkewe akaingia kwenye kisa cha sufuria ya maharage. Alianzia jikoni, akapita kwenye moshi wa barabarani, akaishia kwa majirani na ndoo zao. Kisa kizuri hakimchoshi msimuliaji. Mzee alikisikiliza chote, akatikisa kichwa mahali pa kutikisa, na palipofika pa kukiri, akakiri.

"Haya, baba," alisema mwanasaikolojia. "Vile vitu vitano ni vipi?"

Mzee aliinua macho darini. Feni ilizunguka.

"Si nilikwambia!" mkewe akadakia. "Shati. Halafu ndoo. Hapana, ndoo ni za majirani. Shati, na... na vile vingine vya nyumbani, vile." Akajipiga paja kwa kicheko. "Mungu mkubwa, anayepimwa si mimi!"

Mwanasaikolojia alicheka naye kidogo, kisha akafunga faili. "Tumemaliza, mama. Leo Ijumaa tunafunga mapema. Majibu rasmi njooni Jumatatu."

Mama alisimama wa kwanza. Akainama kuchungulia chini ya meza, akapapasa kiti cha mumewe, akashika kiuno.

"Mkoba wangu! Baba watoto, umeniachia mkoba mapokezi tena. Unaona mambo yenu? Ngoja niufuate mwenyewe, nikikutuma wewe utarudi na ufagio."

Akatoka, na sauti yake ikasikika korido nzima ikimweleza mlinzi ugumu wa kuishi na mtu msahaulifu.

Mlango ulipojifunga, mzee aliutoa mkoba mgongoni mwa kiti cha mkewe, akaupakata kwa mikono yote miwili.

"Shati, ndoo, treni, kitunguu, dirisha," alisema bila kusita. Kisha akamtazama mwanasaikolojia usoni. "Haya, daktari, usinifiche. Mama watoto amepata ngapi?"