Mama wa Mshauri wa Rais

"Bomba bado halijafika," Urbanus alisema. "Shule bado. Zahanati wamechimba msingi tu."

Ulimboka, Katibu Kata, alitazama viatu vyake. Wiki nzima alikuwa akiwaambia watu wa mlimani, juu ya kijiji cha Ulaya wilayani Kilosa, kwamba kijiji kipya cha ujamaa kule bondeni kimekamilika. Sasa mshauri wa Rais katoka Dar es Salaam kuja kumharibia.

Malori yalikuwa yakingoja chini barabarani. Uani majirani walikaa wakimngojea Teresia, mama yake mshauri. Walishakubaliana: Teresia akihama, wanahama, akikataa, wanabaki. Na kila mtu alijua Teresia hamwogopi mtu. Mnyapara wa mkonge aliyetaka shamba lake alifukuzwa kwa mchi. Hata nyumba ya bati aliyojengewa Dar es Salaam na mwanawe aliikaa wiki moja tu, akapanda treni kurudi Kilosa.

Mwanawe huyo, Urbanus, ndiye aliyekaa mbele yake sasa, juu ya kigoda, kachoka. Ikulu ilikuwa imemmaliza. Alianza kama mwalimu wa shule ya Kimamba, akaingia chama wakati wa kudai Uhuru, akapanda cheo. Rais alimwamini kwa sababu moja: hakujua kupamba maneno. Wenzake waliojua kupamba walikuwa na afya nzuri kuliko yeye.

"Na maji?" mama aliuliza. Alikuwa akipukuchua mahindi, hakuinua macho.

"Mto uko mbali. Tena masika unafurika."

"Ndugu Mshauri amechoka na safari, mama yangu," Ulimboka akadakia. "Kule bondeni ni pazuri."

"Si pazuri," Urbanus alisema. "Na makaburi yatabaki huku. La baba na la dada Magreti."

Mama akaweka gunzi chini. Akamwangalia mwanawe vizuri: mvi, macho mekundu, shati la chama lililompwaya mabegani. Huruma ilimjaa.

"Wewe unataka nihame?"

"Sikuja kutaka, mama. Nimekuja kuuliza. Usinitazame mimi. Sema la moyoni mwako, nitalifikisha kama lilivyo."

"Kwa Rais mwenyewe?"

"Kwake mwenyewe."

Teresia akasukuma mahindi kando. Kisha akainuka, mkono kiunoni, akasimama mlangoni ili majirani wasikie.

"Nimekataa watu wengi," alisema. "Lakini sitamtilia mwanangu mchanga kwenye kitumbua chake. Waseme nini huko Ikulu, kwamba mshauri wa Rais mama yake mkaidi? Nahama. Leo hii."

Mwanamke mmoja uani akaanza kulia. Wengine waliinuka, mmoja mmoja, wakaenda kufunga virago. Ulimboka alikuwa ameshateremka mbio kuyaita malori.

Mama akamgeukia Urbanus. Alikuwa akitabasamu.

"Nimekuheshimisha, baba?"

"Umeniheshimisha, mama."

Akasimama, akaingia ndani kumsaidia kufunga mizigo. 

Alasiri, Landrova ilipokaribia Mikumi, dereva alimpongeza kwa kazi nzuri. Urbanus aligeukia dirishani. Alikuwa akiyasikia tena maneno aliyoambiwa na Rais Ikulu juzi asubuhi, baada ya kuipinga operesheni hii ya kuhamisha watu mpaka sauti ikamkauka:

"Unasema watu hawataki. Haya, nenda kamuulize mama yako, asiyeogopa mtu, ila usimfundishe la kusema. Akikataa yeye, malori yote ya Kilosa nitayarudisha."