Siku Mlango Ulipomkana Bi Mwanakheri

Siku hizo mlango wa nyumba ulimfungulia mtu baada ya kusoma faili la maisha yake, lililorekodiwa tangu azaliwe. Asubuhi ya harusi ya mjukuu wake, Bi Mwanakheri alisimama nje na kanga zake mpya, mlango ukamwambia, "Samahani, wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana leo magoti hayaniumi!" akacheka bibi.

Bibi harusi, Nasra, alikuwa mwandishi wa programu. "Siolewi bila bibi yangu," akasema, akafungua msimbo wa mlango, yaani maagizo yanayouendesha, ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Faili la bibi lilikuwa limekua mno, hata namba ya ukubwa wake ikazidi nafasi iliyotengewa, ikafurika na kugeuka hasi, na mlango ukaona maisha yaliyo chini ya sifuri. Nasra akaipa namba ile nafasi pana zaidi kila ilipotumika, akauwasha mlango upya.

Ukafunguka. Vigelegele vikapigwa, bibi akaingia akicheza.

"Karibu, Bi Mwanakheri," mlango ukasema. "Sasa nina nafasi ya kukurekodi kwa maelfu ya miaka."

Bibi akasita. "Nasra, mjukuu wangu," akanong'ona, "nani kauambia nitakaa kiasi hicho?"

Nasra akamkumbatia kwa nguvu, na ngoma ikaendelea kulia.