Leveli ya Kumi

Gari likavuka mstari wa mwisho, halafu skrini ikawa nyeusi.

Elia akaiacha pedi ya kuchezea ianguke kwenye mkeka. Mara ya arobaini na moja hiyo. Leveli ya tisa ameshinda, wa kwanza kati ya magari kumi na mawili, na gemu inamrudisha mwanzo kama vile hajafanya kitu. Juu ya skrini kuna vitaa kumi. Tisa vya kijani. Cha kumi kimekaa kijivu, kinamwangalia tu.

Gemu yenyewe iliingia Mpanda wiki mbili nyuma. Kuna vijana wa Arusha wameitengeneza, inaitwa Kasi 2190. Magari hayana matairi, yanapaa, na barabara inapinda mpaka unaendesha kichwa chini. Wakawatumia wenye vyumba vya gemu mikoani waijaribu kabla haijatoka, na ujumbe mfupi: chezeni, kila mtu aandike anavyoiona, mmoja wenu tutamchukua aje afanye kazi na sisi. Dada Gaudiose, mwenye chumba cha gemu pale Makanyagio, akaipakia kwenye kompyuta yake, akawasomea watu ule ujumbe mara mbili.

Mapokezi yalikuwa mabaya. Ponsian wa bodaboda aliandika kwamba yeye anatoka Inyonga na magunia mawili ya mahindi, kwenye mchanga, na haanguki, ila hili gari la angani limemuua leveli ya kwanza mara sita, kwa hiyo aliyelitengeneza hapendi watu. Helena wa saluni akasema rangi nzuri, muziki mzuri, ila kona zinamtia kichefuchefu kuliko basi la Sumbawanga. Mwalimu mmoja akaandika kurasa mbili nzima. Hakuvuka hata kona ya kwanza.

Elia aliipenda. Shule aliacha kidato cha pili, sasa hivi analima mahindi ya mjomba wake Mwamkulu, na kama kuna kitu anakijua kuliko watu wengine, ni gemu. Ile kazi ya Arusha aliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Tatizo moja tu. Nani amchukue mtu wa kuisifia gemu ambayo hajaimaliza?

Aliyeimaliza ni Amri, muuza kava za simu sokoni. Kwa dada Gaudiose kuna utaratibu wake: ukimaliza gemu, unaandika jina ukutani kwa mkaa, na jina likishakaa ukutani haulizwi mtu. Amri alikuja Jumatano asubuhi, watu wote wako kazini. Mchana jina lake likawa ukutani, herufi kubwa kama za duka la dawa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maoni. Elia akamfuata sokoni.

"Mwanangu, ya tisa nashinda, halafu inanitupa nje. Wewe ulipitaje?"

Amri alikuwa anabandika protekta kwenye simu ya mteja, hakuinua kichwa. "Unamwacha wa pili kwa sekunde ngapi?"

"Nne."

"Ndiyo maana. Inataka saba."

Elia akarudi mbio Makanyagio. Akashinda kwa sekunde saba. Skrini nyeusi. Akashinda kwa tisa, dada Gaudiose mwenyewe akasogeza kiti kuangalia, akasema hajawahi kuona vidole vya namna ile. Nyeusi.

Saa nane mchana akawa sokoni tena, safari hii haulizi namna ya kupita. Anataka kujua kuna nini huko ndani. Amri akafikiria kidogo, akamsimulia. Mji wa vioo juu ya mwezi. Mvua inanyesha kwenda juu. Mwisho linatokea gari jeusi halina dereva, na ukilipita tu, taa za mji mzima zinazimika. Elia alisikia nywele zinamsimama. Akamuuliza mbona yeye hajatuma maoni, na kazi iko wazi.

"Mimi na Arusha wapi na wapi? Nina duka, bro."

Elia akakaa kwenye kreti la soda nje ya duka, akatoa simu. Akaanza kuandika ukweli: gemu ni kali na ni tamu, nimeshinda ya tisa zaidi ya mara arobaini, kila nikishinda skrini inakuwa nyeusi na narudi mwanzo, sijui kosa ni langu au ni lenu. Akausoma. Akajiona mtoto analia mbele ya watu. Akafuta.

Akaandika upya. Leveli tisa za kwanza akazieleza kona kwa kona, wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza. Ya kumi akaimwaga yote: vioo, mvua, gari jeusi. Akamalizia kwamba leveli hiyo ndiyo bora kuliko zote, na anayesema gemu ngumu hajafika huko. Akatuma.

Jumatatu majibu yakaja kwenye simu ya dada Gaudiose. Akampa Elia asome mwenyewe, watu wamemzunguka.

"Elia, hongera. Hakuna aliyetuandikia vizuri kama wewe. Muda wako wa leveli ya tisa hata sisi wenyewe hatujaufikia. Ila kazi tumempa Ponsian, aanze mwezi ujao."

Watu wakageuka kumtafuta Ponsian, ambaye alikuwa nje anafuta kiti cha pikipiki. Elia akashusha ujumbe kwa kidole, kulikuwa na mstari mmoja umebaki.

"Ataanza na sisi kwenye leveli ya kumi, maana hiyo bado hatujaitengeneza."