Maji ya Kambi Mbele ya Wakubwa

Nohemi alikuwa ndio kwanza amevishwa nishani ya kaunti ya viongozi Walatino, sisi tunaosema Kihispania, nikamwekea chupa ya maji mezani, ukumbi mzima ukitazama.

"Kunywa, mheshimiwa. Ndiyo yanayotoka bombani kwenye kambi yetu ya wachumaji. Mke wangu kayanywa miaka kumi na tisa mpaka figo zikamwisha."

"Keti, mzee!" mtu akanong'ona nyuma yangu. "Unatutia aibu siku ya fahari yetu!"

Sikuketi. Nilikuja kumuumbua. Wakubwa ni walewale, hata huyu aliyechuma stroberi mstari mmoja na marehemu mke wangu.

Nohemi alifungua chupa, akamimina maji kwenye glasi. Yalikuwa na rangi ya mkojo, na mchanga ukatua chini taratibu. Nikaviona vidole vyake: vilikuwa vimepinda kwa kuchuma, kucha nyeusi pembeni, kama vya mke wangu.

"Hata kwa mama yangu ni haya haya, baba," akaniambia.

Kisha akamgeukia mkuu wa kaunti, yule aliyemvisha nishani, akamsogezea glasi.

"Mara nne nimekuletea ombi la bomba jipya, mheshimiwa. Mara nne umesema maji ni salama. Karibu."

Mkuu alitabasamu. Mkono wake haukutoka mfukoni.

Nyuma yangu viti vikakwaruza sakafu. Wachumaji wote walikuwa wanasimama.

Tangu mazishi ya mke wangu sikuwa nimemvulia kofia kiongozi yeyote. Nikaivua.