Mwendo wa Dada

"Fidla yako iko juu mno," kiongozi wa okestra aliniambia mbele ya watu arobaini. "Nani alikufundisha kuikaza hivi?"

Kaseti ya mjomba. Mimi na dada tulijifunza konseto, muziki ulio kipenzi cha kila mpiga fidla, kwa kaseti hiyo moja tu. Tulikaza nyuzi mpaka zilingane nayo, kisha tukajitahidi kwenda na kasi yake. Uzi ulipokatika ukanichana shavu, mjomba alinilaumu mimi. Dada, aliyepiga polepole kila mara, mjomba alimkatia tamaa kabisa. "Wewe ni gunia la saruji," alimwambia, akampokonya fidla. Mimi nilicheka.

Nilipomweleza, kiongozi aliniwekea sidii ya mpigaji yule yule wa kaseti. Dakika moja ilitosha. Ulikuwa mwendo wa dada, sawasawa.

"Mashine yenu ilikuwa inakimbia," alisema. "Ikikimbia, sauti nayo inapanda."

Niliiazima sidii, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba. Dada alikuwa anampigia pasi mashati, kama kila Jumamosi. Sikusalimia mtu. Niliiweka sidii ipige.

Vidole vya mkono wa kushoto wa dada vilianza kutembea mezani, vikifika kila mahali pamoja na fidla ya kwenye sidii.

"Huyu naye mzito," mjomba aliguna.

"Ni yule yule wa kaseti yako, mjomba! Mashine yako ndiyo ilikuwa inakimbia!"

Mjomba alipunga mkono. "Basi, mwanangu. Mambo ya zamani hayo."

Dada alilaza pasi ya moto juu ya shati jeupe la mjomba, akaiacha hapo hapo.