Lile Jina Letu

Bi Chausiku alikuwa ameshainua nyundo avunje kibubu alichoundiwa na marehemu mumewe, apate pesa za kutuma, simu ilipolia tena. Ujumbe ulitoka kwenye namba ngeni, ukiwa na picha na jina la Mwajabu, mwandani wake wa utotoni aliyehamia ng'ambo.

"Dada mpendwa, hizi sarafu za mtandaoni hazingoji mtu. Tuma leo, wiki ijayo zinarudi mara mbili."

Dada mpendwa? Mwajabu huyu huyu? Nyundo ikashuka taratibu. Zamani, wakicheza kombolela, Chausiku alijificha ndani ya pipa la unga akatoka mweupe pe. Tangu siku ile Mwajabu hakumwita vingine ila "We Jini Unga!", hata siku ya harusi, mbele ya wakwe.

Akaandika: "Kwanza niite lile jina letu."

"Dada, utani baadaye. Nafasi zinaisha."

Bi Chausiku akacheka, machozi yakimlengalenga. Akaufuta ujumbe, akatafuta namba ya zamani ya Mwajabu ambayo hakuwa ameipiga miaka na miaka.

Ikaita. Ikaendelea kuita. Alikuwa amekipakata kibubu kama mtoto, midomo yake tayari kuitikia jina lile.